Mpira Haufuati Kidole: Kutatua Matatizo ya Michezo ya Penalti na Danadana kwenye Kivinjari

Raha ya mchezo wa penalti wa kwenye kivinjari imo katika kitu kidogo sana: unaburuza kidole, mpira unaondoka pale pale, kipa anaruka upande usio wake, nyavu zinatikisika. Hakuna cha kusakinisha wala kujisajili, na raundi inakwisha kabla chai haijapoa. Watoto wanne wanaweza kukaa kibarazani Michenzani, Unguja, na simu moja, kila mmoja mikwaju yake mitano, wakapokezana kwa zamu kama wanavyofanya kwenye keram, na kelele zao zikasikika hadi ghorofa ya tatu.

Mpira ukichelewa hata kidogo, raha hiyo inakufa, na lawama ya kwanza huwa ni moja: "Neti mbovu." Mara nyingi neti haina kosa. Mchezo wa aina hii ukishafunguka, uwanja, mpira, kipa na sauti zote zimeshashuka kwenye simu yako. Kinachohesabu mpira uende wapi ni simu yenyewe. Mtu anaongeza bando la pili huku tatizo ni chaja, au joto, au protekta ya kioo iliyoanza kubanduka pembeni.

Anza na kuzima data

Hiki ndicho kipimo cha kwanza, na hakigharimu kitu. Fungua mchezo, subiri uonekane wote, piga mkwaju mmoja. Kisha, bila kutoka kwenye ukurasa, shusha menyu ya juu ya simu, zima data na Wi-Fi, rudi upige mikwaju mitano.

Mchezo ukiendelea na mpira bado unachelewa, neti haihusiki; tafuta kwenye simu. Mchezo ukiendelea vizuri zaidi kuliko mwanzo, mkosaji ni matangazo yaliyokuwa yakipakiwa pembeni mwa uwanja. Ukiganda kabisa au ukatoa ujumbe wa kupoteza muunganisho, basi huo ni mchezo wa kukutana na mtu mwingine mtandaoni, nao una sehemu yake huko chini. Kwenye kompyuta ni vile vile: chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, ucheze.

Usiburute ukurasa kwenda chini wakati data imezimwa, kwa sababu utaupakia upya na hautarudi.

Ukurasa umefunguka, mchezo haukufunguka

Angalia kwanza unatumia kivinjari gani. Opera Mini inapendwa sana kwa kubana MB, lakini ikiwa imewekwa kwenye kiwango cha juu cha kubana, ukurasa hausomwi na simu yako. Husomwa na kompyuta za mbali, zikakutumia kama picha iliyokwisha kupangwa. Kwa habari na matokeo ya mpira hilo halina neno. Kwa mchezo ni tatizo, maana picha haina uhai: unamwona kipa amesimama golini, unagusa mpira, hakuna kinachotokea. Ingia kwenye mipangilio ya kubana data ndani ya Opera Mini uizime kwa muda, au fungua anwani ile ile kwa Chrome au Firefox. Michezo mingi ya namna hii ina MB chache tu, na ikishashuka mara moja sehemu kubwa yake hubaki kwenye kache, yaani akiba ya kivinjari, kwa hivyo hasara ya bando si kubwa kama watu wanavyoogopa.

Asilimia zikipanda mpaka 90 hivi zikasimama, kuna faili moja halikufika. Pakia upya mara moja. Ikisimama pale pale tena, huenda kache imeshika faili lililokatika. Kabla hujafuta chochote, fungua mchezo kwenye kichupo fiche (Incognito). Ukifunguka humo, umeshapata jibu: ingia Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, tafuta jina la tovuti ile peke yake ufute data yake. Usifute data ya kuvinjari yote kwa pupa, utajitoa kwenye kurasa zako zote. Na kama una rekodi unayoitunza kwenye mchezo huo, ipige picha ya skrini kwanza, kwani itaondoka.

Uwanja mweusi au mweupe huku sauti inasikika maana yake tatizo liko kwenye uchoraji wa picha. Michezo mingi ya mpira yenye uwanja wa pande tatu huchorwa kwa WebGL, njia ya kivinjari ya kuchora picha, ambayo hutegemea chipu ya picha. Kwenye kompyuta, andika chrome://gpu mahali pa anwani, utafute mstari wa WebGL. Ukiwa wa kijani, sawa. Ukiwa mwekundu, nenda Mipangilio, kisha Mfumo, washa swichi ya kuharakisha picha, funga Chrome yote na uifungue upya. Kompyuta za maabara za skuli zilizobaki na Windows 7 zina kikomo kingine: Chrome ya mwisho iliyoingia humo ni toleo la 109, na kwenye simu za Android 7 ni toleo la 119. Mchezo uliotengenezwa karibuni ukigoma kwenye mashine kama hizo, usipoteze jioni nzima nao. Tafuta wa zamani zaidi, uliochorwa bapa. Danadana ya bapa ina raha yake kamili.

Ukiona alama ya kipande cha fumbo, au maneno yanayokutaka usakinishe Flash, programu ya zamani iliyoendesha michezo ndani ya kivinjari, usisakinishe chochote. Adobe iliacha kuisaidia Flash mwisho wa 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 maudhui yake yalizuiwa kabisa. Atakayekupa "Flash mpya" leo anakupa kirusi. Michezo ya enzi hizo haikufa yote, kwani tovuti kadhaa huiendesha kwa Ruffle, programu huria inayoiga Flash ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Mingi humo inachezeka vizuri, michache hukwama katikati.

Kuna sababu nyengine ndogo inayowasumbua watu baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu. Kompyuta inawaka na kivinjari kinadai muunganisho si salama, kwenye kila tovuti. Tazama tarehe kwenye kona ya skrini. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya bodi imekwisha. Ni ile ya duara ya CR2032, volti 3. Rekebisha tarehe na utacheza, lakini usipobadilisha betri yenyewe utaanza upya kila umeme ukirudi.

Mpira unaondoka umechelewa, au kiki ya kupinda inakwenda moja kwa moja

Hapa ndipo penye mambo, na inafaa kujua kwanza mchezo unasoma nini unapoburuza kidole.

Mchezo unachukua vitu vitatu. Mwelekeo, yaani kutoka ulipogusa hadi ulipoachia. Nguvu, yaani umbali huo ukigawanywa kwa muda uliotumia. Na mkunjo, yaani kidole kilitoka kiasi gani nje ya mstari ulionyooka katikati ya safari. Skrini ya kawaida huchorwa mara 60 kwa sekunde, na kivinjari humpa mchezo nafasi ya kidole kila mchoro mpya unapokuja. Kuburuza kwa haraka huchukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde, kwa hivyo mchezo unapata nukta 12 za njia ya kidole chako. Nukta 12 zinatosha kuonyesha mkunjo mzuri wa kuuzunguka ukuta. Simu ikichoka ikawa inachora mara 20 tu kwa sekunde, nukta zinakuwa nne. Kwa nukta nne mkunjo unapotea, na kiki uliyoikunja kwa ustadi inakwenda kifuani mwa kipa. Ukishaona kiki za kupinda zimeanza kunyooka zenyewe, usibadilishe namna unavyoburuza. Tafuta nini kimeichosha simu.

Cha kwanza ni joto. Dalili yake haifichiki: dakika tano za mwanzo mchezo ni mlaini, baadaye unaanza kukatikakatika, na mgongo wa simu unachoma. Simu inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wakati wa Kaskazi, saa nane mchana, simu iliyo juani kwenye ukuta wa Forodhani inafika hapo kabla hujamaliza raundi ya pili. Ivue kava, hamia kivulini, punguza mwanga wa kioo, ipumzishe dakika kumi. Usiitie kwenye friji, kwa sababu ikitoka humo hewa yetu yenye unyevu hugeuka matone ndani yake, na hilo ni tatizo kubwa kuliko kukosa penalti.

Cha pili ni kiokoa betri. Kikiwaka, prosesa hupunguzwa kasi, na kwenye iPhone uchoraji wa michezo ndani ya Safari hushuka hadi mara 30 kwa sekunde. Kizime ucheze, kisha kiwashe ukimaliza.

Cha tatu ni vichupo vingine. Simu yenye RAM ya GB 2 haiwezi kubeba mchezo pamoja na vichupo ishirini na video iliyosimamishwa njiani. Dalili nyengine ya ufinyu huo: umetoka kidogo kujibu WhatsApp, ukarudi ukakuta mchezo umeanza upya kutoka mwanzo. Android imekifunga kichupo chako ili ipate nafasi. Kabla ya kuanza mashindano ya kweli funga programu zote za nyuma, na meseji zijibiwe baina ya raundi.

Cha nne si kuchelewa kwa kweli. Ni masikio. Ukivaa spika za masikioni za Bluetooth, sauti ya kiki inaweza kufika nyuma ya picha kwa sehemu moja ya tano ya sekunde, au zaidi. Mguu umeshapiga, mpira uko njiani, na mlio ndio kwanza unakuja. Ubongo unahisi kwamba mpira ndio uliochelewa. Zima Bluetooth usikilize kwa spika ya simu; ukiona kila kitu kimekaa sawa, simu yako haina ugonjwa. Kwa mchezo wa danadana, ambao watu wengi huucheza kwa mapigo ya sauti kuliko kwa macho, spika za waya bado hazina mpinzani.

Mpira unakwenda mbio kupita kiasi

Simu mpya ikifanya kipa aruke kama umeme na mpira ushuke kabla hujaufikia, huenda skrini yako ni ya 90 au 120 kwa sekunde. Mtengenezaji asiye makini huandika mchezo wake hivi: kila mchoro, mpira usogee kiasi fulani. Kwenye skrini ya 60 yeye aliona mpira wa kawaida. Kwenye ya 120 unakwenda mara mbili. Ingia mipangilio ya simu, sehemu ya skrini, uchague kiwango cha kawaida cha 60. Mchezo utarudi kwenye mwendo wake. Hili pia ndilo linalozua ugomvi wa rekodi baina ya marafiki, mmoja wa simu ya 60 na mwengine ya 120: katika mchezo ulioandikwa vibaya hawakucheza mchezo mmoja. Rekodi za kweli ziwekwe kwenye simu moja.

Kidole hakisikiki, au kinasikika mahali usipogusa

Kioo cha simu hakihisi uzito wa kidole, kinahisi umeme mdogo unaopitia kwenye ngozi. Ndiyo maana jasho, maji ya chumvi na mafuta vina neno nacho. Tone la maji ya bahari linapitisha umeme vizuri, na kioo hulihesabu kuwa kidole cha pili. Unaburuza kutoka chini kwenda juu, tone liko kushoto, mchezo unaona vidole viwili unashindwa kuchagua, na mpira unabaki ulipo. Futa kioo kwa kipande kikavu cha kanga kuukuu, ambayo pamba yake imeshalainika, ukaushe na ncha ya kidole chenyewe. Aliyetoka kula urojo anawe kwanza kwa sabuni. Utando wa mafuta ya bajia hauzuii mguso kabisa, lakini kidole kinateleza na kukwama kwa zamu, na nguvu ya kiki haitabiriki.

Protekta ya kioo ina mtego wake. Ikiwa imeingia vumbi au hewa chini yake, mahali hapo mguso hufifia. Jaribu hivi: mahali popote kwenye skrini ya mwanzo, bonyeza alama ya programu moja uivute aste aste, ipite pembe zote nne na katikati. Ikidondoka yenyewe kila ikifika sehemu moja, sehemu hiyo ndiyo mbovu. Ibandue protekta urudie. Ikipona, nunua nyengine. Isipopona, ni kioo chenyewe, na fundi wa Darajani atakwambia vivyo hivyo.

Halafu chaja. Hili watu wengi hawalitarajii. Chaja ya bei rahisi huvujisha kelele za umeme kupitia waya hadi kwenye kioo, na mguso unaanza kurukaruka: mpira unapiga wenyewe, menyu zinafunguka bila kuguswa. Chomoa chaja, cheza dakika moja. Utulivu ukirudi hapo hapo, tupa lawama kwenye chaja, si kwenye mchezo wala simu. Kucheza huku unachaji kunaongeza joto pia, kwa hivyo una sababu mbili za kuacha.

Tatizo jengine linafanana na kioo kibovu, ingawa kioo ni kizima. Mchezo wa kuvuta mpira nyuma kama manati unakutaka uburute kwenda chini, nacho kivinjari kinadhani unataka kupakia ukurasa upya. Au unaanza kuburuza kutoka ukingoni mwa kioo, na simu inadhani unarudi nyuma, mara umetoka kwenye mchezo mikwaju minne ikiwa imeshaingia. Bonyeza kitufe cha skrini nzima kama mchezo unacho. Kama haunacho, shika simu kwa mlalo, anza kila kiki ukiwa upana wa kidole kimoja ndani ya ukingo, na kwenye mipangilio ya Android badilisha urudi kwenye vile vitufe vitatu vya chini badala ya ishara za kuteleza kidole. Mabadiliko hayo huokoa mikwaju mingi kuliko mengine yote katika sehemu hii.

Kibodi moja, wachezaji wawili

Maabara za skuli na vituo vya kompyuta hupenda michezo ya watu wawili: mmoja anatumia W, A, S, D, mwengine mishale. Malalamiko huwa yale yale. Mmoja akikimbia huku anapiga, mchezaji wa pili anasimama kama mti. Si ujanja wa mwenzake. Ndani ya kibodi za bei ya kawaida vitufe vimeunganishwa kwa safu na mistari, na vitufe vitatu vinavyounda pembe za mstatili mmoja vikibonyezwa pamoja, kibodi haiwezi kujua cha nne kimebonyezwa au la, hivyo inanyamaza. Kuijaribu: fungua ukurasa wa kuandikia, shikilia Shift zote mbili, uandike herufi zote kutoka A hadi Z. Herufi zisizotokea ndizo zinazozibwa zikikutana na Shift hizo. Kama mchezo wako unatumia Shift kupigia mashuti, umeshaona tatizo lilipo.

Dawa bora ni kuchomeka kibodi ya pili ya USB. Windows huzipokea zote mbili, kivinjari kinaona vitufe tu, na kila kibodi inajisomea vyake bila kumziba mwenzake. Pia kila mtu anapata nafasi ya viwiko. Ikikosekana kibodi ya pili, badilisha vitufe ndani ya mchezo, au tafuteni mchezo ambao mmoja anatumia mausi.

Shift ina visa viwili zaidi. Ukiibonyeza mara tano mfululizo, Windows hutoa kisanduku cha vitufe vinavyonata. Jibu hapana, na hapo hapo uizime njia hiyo ya mkato. Ukiishikilia Shift ya kulia sekunde nane, hufunguka kichujio kinachopuuza mibonyezo mifupi. Baada ya hapo kibodi nzima inaonekana imekufa kwa anayebonyeza haraka, na imepona kwa anayebonyeza taratibu. Shikilia tena sekunde nane kukiondoa.

Mishale ikishusha ukurasa badala ya kumkimbiza mchezaji, bonyeza mara moja ndani ya uwanja kwa mausi.

Hakuna sauti

Gusa mchezo mara moja kabla ya kulalamika. Tangu 2018 Chrome huzuia sauti kuanza mpaka mtu aguse ukurasa, na vivinjari vingine vina desturi hiyo hiyo. Kwenye iPhone, angalia kama haikunyamazishwa kwa swichi au kitufe kilicho ubavuni. Kwenye kompyuta, bonyeza kichupo kwa kitufe cha kulia cha mausi uone kama kimenyamazishwa. Basi.

Rekodi imepotea

Umepiga danadana 143, umemwonyesha kila mtu maskani, asubuhi mchezo unaonyesha sifuri. Inauma, khasa kama hukupiga picha ya skrini.

Michezo isiyotaka usajili huweka alama ndani ya kivinjari chako, kwenye ghala dogo la tovuti ile, la kama MB 5. Halipo popote pengine. Ukicheza Chrome ukaja kufungua kwa Firefox, hilo ni ghala jengine. Ukicheza kwenye kichupo fiche, ghala linafutwa ukifunga. Mtu akifuta data ya kuvinjari ili apate nafasi ya picha za harusi, rekodi zinaondoka nazo. Hata anwani ikitofautiana kidogo, mara inaanza na http mara na https, au mara ina www mara haina, kivinjari huzihesabu kuwa tovuti mbili. Kwa hivyo kabla ya kukata tamaa, fungua historia, tafuta anwani halisi uliyochezea jana, ubonyeze hiyo hiyo. Rekodi nyingi "zilizopotea" ziko hapo.

Safari ina sheria kali zaidi tangu 2020: tovuti usiyoigusa kwa siku saba za kutumia Safari, data zake huondolewa. Mwenye iPhone aliyepumzika wiki mbili za mitihani asishangae. Apige picha ya skrini siku ile ile anapovunja rekodi.

Vitufe vya uongo na nambari ya simu

Kitufe halisi cha kuanza mchezo kiko ndani ya uwanja. Kikubwa cha kijani kilicho juu au pembeni, kinachokwambia upakue, ni tangazo. Kisanduku kinachoomba ruhusa ya kukutumia arifa kijibu kataa, kwani penalti haihitaji arifa. Ukiwa umeshakubali, ingia Mipangilio ya tovuti, Arifa, uiondoe. Anayekwambia simu yako ina virusi kumi na tatu hajaiona simu yako.

Mchezo ukikuomba nambari ya simu ili "utoe ushindi wako", au ukaanza kuzungumzia dau, huo ni kamari iliyovaa jezi. Funga kichupo. PIN ya pesa za simu haiandikwi kwenye ukurasa wa mchezo kwa hali yoyote, na mtoto anayecheza kwa simu ya mama yake aambiwe hilo kabla hajakabidhiwa simu.

Mchezo wa watu wawili kwa neti

Hapa sasa neti ina haki ya kulaumiwa, lakini kuna sehemu ya ucheleweshaji ambayo hakuna bando litakaloiondoa. Nuru ndani ya mkongo, waya wa nuru unaobeba intaneti, husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, na njia ya mkongo ikawa na urefu wa kilomita 10,000, kwenda ni sehemu 50 za elfu ya sekunde na kurudi 50 nyengine, kabla hata ya kuhesabu mnara wa simu. Kwenye skrini ya 60 hiyo ni michoro sita. Kipa unayemwona wewe ni wa michoro sita iliyopita.

Kwa hivyo chagua mchezo kwa umbo lake. Wa zamu, kama penalti za kupokezana au biliadi, hauumizwi na kuchelewa huku hata kidogo. Wa kugombania mpira papo kwa papo unaumizwa sana, na aliye karibu na seva ataonekana fundi bila ya kuwa fundi. Mchezo ukikupa kuchagua eneo la seva, chagua lililo karibu, hata kama lina wachezaji wachache. Wi-Fi ikiwa ya nyumba nzima, uliza nani anashusha filamu. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe humeza Wi-Fi, kwa hivyo kaa chumba kimoja na ruta, au angalau mlango uwe wazi baina yenu.

Na zipo siku kosa liko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika, neti ilizorota Tanzania nzima, na hakuna aliyeweza kuirekebisha kwa kuwasha na kuzima simu. Siku kama hizo rudini kwenye simu moja, mikwaju mitano kila mtu.

Ndani ya boti ya Pemba

Mtandao hukatika katikati ya mkondo, na hapo ndipo mchezo wa kivinjari unapoonyesha faida yake ukiandaliwa. Fungua ukurasa ukiwa bado bandarini Malindi, Unguja. Cheza raundi moja mpaka mwisho, pamoja na hatua ya pili kama ipo, kwa sababu michezo mingine hushusha uwanja wa pili pale tu unapoufikia. Kisha weka simu kwenye hali ya ndegeni, ambayo inaokoa chaji kwani simu haihangaiki tena kutafuta mnara. Usifungue programu nyengine nzito, usiburute ukurasa chini, usifunge kichupo. Kaa ndani au upande usiopigwa na marasharasha ya bahari. Simu ya RAM ndogo ikizimwa kioo kwa muda mrefu inaweza kukifunga kichupo yenyewe, basi mkabidhi jirani apige mikwaju yake wakati wewe unapumzika. Mkifika Mkoani, pigeni picha ya alama kwanza, ndipo muwashe data.